Wiki 11 na Peugeot 504 ya baba kwa mafundi bodi wa Nyakato

Gereji yenyewe haina kibao. Ukitoka mjini Mwanza kwa barabara ya Musoma ukafika Nyakato, unaingia ndani kidogo, unatafuta mwarobaini uliotundikwa mlango wa basi. Mlango mmoja tu, wa bluu, hauna kioo. Hapo ndipo. Nilipita mara mbili nikidhani ni duka la vyuma chakavu.

Mimi nauza vitenge Makoroboi, siyo fundi wala mke wa fundi. Lakini nimekaa kwenye kigoda pale chini ya mwarobaini siku nyingi kuliko nilivyokaa dukani kwangu mwaka huu, na tangu gari litoke kila anayeliona ananiuliza nililipeleka wapi, shilingi ngapi, na kama ni puti, ule unga wa kuzibia mashimo ya bodi. Kwa hiyo naandika mara moja, mazuri na mabaya.

Gari ni Peugeot 504 stesheni wagoni ya 1979. Wa umri wangu mnalijua kwa jina la Pijo. Baba alilinunua kwa mtu mwaka 1987, akalipa kazi mbili: Jumapili linatupeleka kanisani watoto sita na bibi, Jumatatu viti vya nyuma vinalazwa, linapakia kayabo kutoka mwaloni Kirumba hadi stesheni ili mzigo uende Kigoma kwa treni. Tulikuwa tunaingia kanisani tumevaa nguo za pasi na tunanuka samaki. Baba hakuona tatizo. Akishaanza kusimulia jinsi 504 ilivyoshinda mbio za Safari kule Kenya mwaka 1975, na tena 1978, huwezi kumwambia habari za harufu.

Wageni kutoka Dar wakiona gari lililooza Mwanza husema ni hewa ya ziwa. Ziwa letu halina chumvi jamani, maji yake tunapikia. Chumvi iliyokula gari la baba ililetwa na baba mwenyewe, gunia baada ya gunia, miaka kumi na kitu. Kayabo ni sangara aliyelazwa kwenye chumvi, na yale maji yake yakichuruzika yanaingia kwenye maungio ya bati ambako hakuna kitambaa kinachofika. Chumvi haikauki vizuri. Inavuta unyevu hewani hata kiangazi, na bati linaendelea kuliwa taratibu huku juu rangi inang'aa. Hili nimefundishwa na mzee wa gereji, sikulijua.

Baba alipofariki gari lilikaa uani Pasiansi, chini ya turubai. Miaka minne iliyopita nililitoa, nikampa fundi mmoja ambaye sitamtaja. Alichukua laki nne na nusu, akanirudishia baada ya wiki mbili likiwa kama limetoka kiwandani. Nililia. Masika ya kwanza yakapita. Masika ya pili chini ya milango pakatokea malengelenge, madogo kama ya mtu aliyeungua mafuta ya kukaangia. Nikabonyeza moja kwa kidole, kidole kikaingia ndani.

Wa vyuma chakavu wakaanza kunipigia hodi. Mmoja alinitajia bei kwa kilo huku ameegemea boneti la baba. Nikamwambia aondoe mkono.

Sasa gereji. Nilifika asubuhi, mzee akaniamkia "Mwangaluka, mayu," nikaitikia, nikajua niko kwa mtu wa nyumbani. Hakuuliza nina shilingi ngapi. Alitoa mfukoni sumaku, ile ya duara inayotoka kwenye spika mbovu, akaifunga uzi na kuanza kuipitisha kwenye ubavu wa gari kama daktari anayesikiliza kifua. Penye bati sumaku inanasa, tak. Penye puti nene inaanguka. Kwenye mlango wa dereva ilinasa juu, ikaanguka kuanzia katikati kwenda chini. Kwenye mkanda wa bati chini ya milango, pale unapokanyaga kuingia, iliteleza urefu wote bila kunasa hata mara moja.

"Mayu, hapa hakuna gari," akasema. "Hapa kuna unga."

Kisha akachukua bisibisi na kuchoma kwa chini. Alichoma mara sita, mara tano ilizama. Kila tundu akalizungushia chaki. Alipomaliza, gari lilikuwa na miduara kama ng'ombe mwenye ndui. Kijana wake akaniletea kigoda bila kuambiwa. Nadhani uso wangu ulionyesha.

Kitu cha kwanza nilichokichukia: hakutaka kunipa bei kamili. Alisema anaweza kutaja ya kufungua tu, na ya kuziba atanipa baada ya kuona ndani. Mimi ni mfanyabiashara, mteja wangu hawezi kununua kitenge ambacho bei yake itajulikana akishakishona. Tulibishana. Mwishoni tukaandikiana kwenye daftari langu: laki mbili na nusu kufungua, kuosha na kunionyesha, nikiona siafiki, nachukua gari langu kwa kamba na hatudaiani. Leo nasema alikuwa sahihi, lakini siku hiyo niliondoka nimenuna.

Siku ya kufungua nilifunga duka. Kijana alishika grenda, mzee akaelekeza kwa fimbo. Puti ilianguka vipande vinene kama ugali uliolala, vingine unene wa kidole changu gumba. Nyuma ya puti kulikuwa na gunia la nailoni limepakwa gundi. Nyuma ya gunia, magazeti yamekunjwa na kusokomezwa. Na ndani kabisa, chini ya mlango wa nyuma kulia, kipande cha debe la mafuta ya kula kimepigiliwa ribiti, maandishi ya debe bado yanasomeka. Nilipiga picha. Magazeti yalikuwa yamelowa, na ilikuwa mwezi wa nane, mvua hakuna. Maji yalikuwa yamekaa mle tangu masika.

Mafundi walicheka, mimi nilicheka baadaye, nyumbani.

Hapo mzee akanieleza kitu ambacho ningependa kila mwenye gari la zamani akisikie kabla hajatoa hela. Gari kama hili halina chesisi nzima ya kubebea bodi juu kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Ule mkanda chini ya milango siyo urembo, ndio mgongo. Ukiukata kwa pupa gari linalegea katikati, na ukishachomelea bati jipya likiwa limelegea hivyo, milango haitafunga tena maisha yake yote. Kwa hiyo waliliweka kwenye stendi nne zilizosawazishwa kwa mpira wa maji, ule bomba mwembamba wa waashi, wakachomelea vyuma vya muda kutoka nguzo moja ya mlango hadi nyingine, milango ikabaki mahali pake, wakakata upande mmoja tu. Kijana alitaka kukata pande zote mbili kuokoa siku. Mzee alimfokea kwa Kisukuma kirefu ambacho sitakitafsiri.

Kabla ya kukata, kuosha. Siku mbili nzima za maji ya moto na sabuni, brashi, tena maji ya moto, kwenye kila mfereji wa sakafu ya nyuma. Niliona ni kupoteza muda mpaka mzee aliponiambia nilambe kidole baada ya kukipitisha kwenye ungio. Chumvi! Miaka zaidi ya ishirini baada ya gunia la mwisho, bado kuna chumvi. Ukipaka rangi juu ya hiyo, malengelenge yanarudi hata kama bati ni jipya.

Bati nilinunua mwenyewe mjini, na hapa nawasifu kwa uaminifu: waliniandikia vipimo kwenye karatasi na kuniambia nichague duka ninalotaka. Shiti mbili za futi 8 kwa 4, bati jeusi. Moja geji 20, unene karibu milimita 0.9, kwa ajili ya milango na madigadi. Nyingine geji 18, karibu milimita 1.2, kwa sakafu na ule mkanda. Muuzaji alitaka kunipa bati la kuezekea kwa bei nafuu. Bati la nyumba ni jembamba mno, na limepakwa zinki. Kijana wa gereji alinisimulia alivyowahi kuchomelea bati la zinki ndani ya basi lililofungwa vioo: moshi mweupe, jioni baridi na homa kama malaria, asubuhi imeondoka. Wenzake wanakunywa maziwa na kuendelea, kana kwamba moshi umeingia tumboni. Mzee haruhusu. Bati la zinki likilazimu, linasagwa zinki yote kwanza, na kazi inafanyika nje penye upepo.

Ukataji ulinitia uchungu. Walikuwa wanakata mpaka wanafika kwenye bati jeupe, halafu wanaongeza vidole viwili. Mimi nasema hapo pazima, mzee anasema geuza uone nyuma. Nageuza, kweli, nyuma pamenyongonyea. Kutu ya gari hili ilianzia ndani kuja nje. Ikishaonekana kwenye rangi, imemaliza kula upande wa pili. Kuna dawa ya kutu ya kupaka inayogeuza wekundu kuwa weusi. Wanayo, wanaitumia, lakini kwa kutu ya juu juu tu, pale bati bado lina unene wake. Fundi wangu wa kwanza alikuwa ameipaka juu ya matundu.

Kila kipande kilitengenezewa kwanza mfano wa boksi la karatasi. Nilitambua kazi hiyo mara moja, ni sawasawa na fundi cherehani anavyokata patani. Mzee anajaribisha boksi, anapunguza, anajaribisha tena, ndipo anakata bati, analikunja kwenye reli ya chuma kwa nyundo ya mbao. Kipande kinakaa ndani ya tundu, ukingo kwa ukingo, hakipandi juu ya bati la zamani. Kikipanda, katikati ya bati mbili panabaki mfuko wa kukusanyia maji, na baada ya miaka michache unarudi palepale.

Wanachomelea kwa mashine ya waya na mtungi wa gesi, siyo ile ya vijiti vya kuchomea mageti. Kijiti kinatoboa bati jembamba. Hata kwa mashine hii hawachori mstari mmoja. Wanagusa doa hapa, wanakwenda mwisho wa kule wanagusa doa, wanarudi katikati, wanasubiri lipoe. Bati likipata moto mwingi mahali pamoja linajikunja kama karatasi ya nailoni karibu na jiko. Dereva wa daladala aliyekuja kuziba bampa alichoka kusubiri akasema, "Mzee, si upige tu mstari?" Hakujibiwa. Betri ilikuwa imetolewa na tangi la mafuta limeondolewa kabisa, liko chini ya mti mwingine. Ndoo ya mchanga ilikuwepo. Nilikagua, maana gereji nyingine niliwahi kuona fundi anachomea huku kichupa cha petroli kiko miguuni.

Tukio lililonifanya niwaamini kabisa lilitokea wiki ya sita. Sakafu ya mbele, upande wa abiria, ilikuwa imeoza vibaya kuliko ya nyuma, na mbele hakukuwahi kupakiwa kayabo. Mimi nilitaka wazibe tu tuendelee. Mzee akakataa. Akamwingiza mtoto wa dukani jirani na tochi, akamlaza chali miguuni pa abiria, halafu kijana akamwagia maji kioo cha mbele, ndoo kwa ndoo, polepole. Ndoo ya tatu mtoto akapiga kelele, "Linanidondokea puani!"

Raba ya kioo. Imekauka, imepasuka pembeni kwa chini, maji yanapita nyuma ya dashibodi, yanatua kwenye sakafu chini ya kapeti, na baba alikuwa ameweka juu ya kapeti zulia lingine la plastiki ili samaki wasichafue. Kwa hiyo maji yakiingia hayatoki. Walipotoa kioo, bati linaloshika raba nalo lilikuwa limetafunwa kwa urefu wa shubiri mbili. Kama wangeziba sakafu bila kutafuta maji yanatoka wapi, ningerudi pale ndani ya miaka miwili na sakafu ileile.

Na matundu ya kutolea maji! Chini ya milango na chini ya ule mkanda gari hili lilitoka kiwandani na vitundu vya kudondoshea maji. Fundi wa kwanza aliviziba vyote kwa puti ili ubavu uwe laini. Mzee alivitoboa upya, akanifundisha kuvichokonoa kwa njiti ya chelewa kila nikiosha gari. Baada ya kuchomelea, ndani ya mkanda walipuliza praima, ile rangi ya kwanza ya chini, kwa bomba refu, ikakauka, kisha nta ya kuzuia kutu. Ilinuka wiki nzima. Harufu mpya walau, siyo samaki.

Puti wametumia, sidanganyi. Kila anayesema hatumii puti kabisa labda anauza sufuria. Lakini ni nyembamba, ya kulainisha tu alama za nyundo, na sumaku inanasa juu yake. Nimeijaribu gari zima.

Sasa malalamiko, na yapo.

Waliniambia wiki nne. Zilikuwa 11. Umeme ulikatika, hilo siwalaumu. Msiba ulitokea Magu, mzee akaenda siku tano, hilo pia siwalaumu. Lakini wiki mbili nzima gari langu lilisimama kwa sababu kijana aliletewa Noah ya mtu mwenye haraka na mwenye hela taslimu, na nilipopiga simu niliambiwa "tuko kwenye gari lako, dada." Nikapanda daladala bila kuwaaga, nikakuta niko mimi na Peugeot na kuku. Mbaya zaidi, siku hizo gari lilikuwa na praima tu, na vuli ilikuwa imeanza. Ile praima nyekundu inapitisha maji. Mzee aliporudi alilazimika kupiga msasa na kurudia mlango mzima wa nyuma. Hakunitoza, lakini alinitazama kana kwamba mvua ilikuwa yangu.

Rangi hawapulizi wenyewe, wanaalika mpulizaji na kompresa yake. Rangi ya baba ni ya chai yenye maziwa mengi. Sampuli walichukua ndani ya kifuniko cha mafuta, mahali ambapo jua halijafika, na mimi nikakubali kwa haraka. Matokeo: upande wote uliopulizwa ni chai ya mgeni, na boneti na paa ambavyo hatukuvigusa ni chai ya juzi. Asubuhi huoni. Saa kumi na moja jioni, ukishuka kuelekea Kirumba na jua la ziwani linapiga ubavuni, unaona kabisa. Wangechukua sampuli kwenye boneti iliyokwishapauka, au waniambie nipulize gari lote. Pia kuna vumbi limenasa kwenye mlango wa dereva, maana wanapulizia nje na Nyakato ina malori.

Risiti hakuna, ni daftari. Kitasa cha redio ya baba kimepotea na hakuna anayekijua.

Bili, kwa wanaouliza: kufungua na kuosha 250,000, bati, waya, gesi na misasa 410,000, ufundi wa kukata na kuchomelea 1,700,000 (alianza milioni mbili na laki moja, nimesema mimi ni wa Makoroboi), raba mpya ya kioo, niliyoagiza Nairobi kwa dereva wa basi, 180,000, praima, nta na rangi na mpulizaji 1,150,000. Jumla 3,690,000. Kaka yangu wa Geita alisema kwa hela hiyo ningeongeza kidogo nikanunua IST. Namjua, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuomba gari hili kwa harusi ya mwanawe.

Kwa gari la kazi, la kuuza mwakani, msiende huko, watawachelewesha na mtalipa zaidi ya thamani yake. Kwa gari mnalotaka liwazike nyie, nendeni, lakini mkae na kigoda, na hela mtoe kwa hatua: kufungua, kukata, kuchomelea, rangi. Wakishapata yote mkononi, Noah inaingia.

Juzi ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nilitoa zulia, nikaweka kiganja kwenye sakafu ya abiria. Kavu, na vumbi juu yake. Kilichobaki ni mlango wa nyuma kushoto, ambao lazima uupige kwa nyonga ndipo ufunge. Mzee anasema ni bawaba, nilete Jumamosi, dakika kumi. Alisema hivyo Jumamosi iliyopita pia. Nitakwenda, na sumaku yangu ninayo kwenye pochi.